Kabla ya kufunga makufuli janja kwenye jengo la wapangaji, jiulize akaunti kuu itakuwa ya nani

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kuna ubaya kuweka makufuli janja (yanayofunguliwa kwa simu kupitia intaneti) na kamera za intaneti kwenye jengo la wapangaji unalosimamia, na umeongeza kwamba asiye na cha kuficha hana cha kuogopa. Mimi ni fundi wa mifumo hiyo hiyo na ndiyo inayonilisha. Hata hivyo, hoja yako ya mwisho siikubali kabisa.

Kifaa cha namna hii kikishafungwa, kinadai mtumiaji mkuu, na atakayejisajili kwanza ndiye anayekuwa na mamlaka. Wengine wote anawaalika yeye, na siku akitaka anawafuta. Nyumba nyingi nilizofanyia kazi, akaunti kuu ilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja tu, na waliobaki hata hawakujua kama kuna ngazi hizo za mamlaka. Dada mmoja aliniita baada ya kuachana na mumewe. Mume alishahama, lakini akaunti alihama nayo: anaona mlango umefunguliwa saa ngapi, anasikiliza sebuleni kupitia kamera, anaufunga mlango akiwa mbali. Dada akapiga simu kwa kampuni, akajibiwa kwamba wanazungumza na mwenye akaunti peke yake. Nilichoweza kumfanyia ni kung'oa kila kitu na kumwekea kitasa cha kawaida. Huyo dada hakuwa na siri yoyote ya kuficha. Alichonyang'anywa ni mamlaka juu ya mlango wake mwenyewe.

Sasa hamishia hali hiyo kwenye jengo zima. Kufuli janja linaandika nani kaingia na saa ngapi, na kamera ya mlangoni inaonyesha kaja na nani. Msimamizi mmoja aliwahi kuniomba nimtolee orodha ya nyakati za mpangaji fulani kuingia na kutoka. Mpangaji huyo ndiye aliyekuwa akiwakusanya wenzake kudai lifti itengenezwe. Nilikataa, lakini kukataa kwangu hakukusaidia kitu, maana orodha nzima ilikuwa kwenye simu ya msimamizi mwenyewe, na kuitafuta angejifunza jioni moja. Hapo ndipo kifaa cha nyumbani kinapogeuka kuwa siasa: watu wakijua mwenye nyumba anaona nani kamtembelea nani, hata kikao cha wapangaji kinaanza kuogopwa.

Wenzetu wa New York walishapambana na hili. Mwenye jengo la Atlantic Plaza Towers, Brooklyn, alipotaka kuweka mlango unaotambua nyuso, wapangaji zaidi ya 130 waliwasilisha pingamizi rasmi mwaka 2019, na mpango huo ukaachwa. Mwaka huo huo wapangaji wa jengo jingine, Manhattan, walimshtaki mwenye nyumba kwa sababu ya kufuli linalofunguliwa kwa simu, na wakamalizana kwa makubaliano kwamba wapewe funguo za kawaida. Mwaka 2021 jiji likatunga sheria: ridhaa ya mpangaji lazima itafutwe, na kumbukumbu za kuingia zisikae zaidi ya siku 90.

Halafu yupo mtengenezaji naye. Mwaka 2023 kampuni ya Ring, inayotengeneza kamera za mlangoni, ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba iliwaachia wafanyakazi wake kutazama video za wateja. Kwa hiyo hata msimamizi mwadilifu kama wewe hawezi kuwaahidi wapangaji kwamba macho ni yake tu.

Usalama nitaupitia haraka. Oktoba 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta (vifaa vya kusambaza intaneti) zilizobaki na nywila za kiwandani, zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikisaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Uingereza imepiga marufuku nywila za aina hiyo tangu tarehe 29 Aprili 2024, na mtengenezaji lazima aseme atasasisha kifaa mpaka lini. Hata kama sheria hiyo haikuhusu ulipo, muulize muuzaji swali hilo. Asipokuwa na jibu, usinunue.

Kwa jengo lako, ningeanza na ufunguo wa kawaida kwa kila mpangaji atakayeutaka, bila kumhoji sababu. Mlango wa chumba chake, akaunti iwe yake. Kumbukumbu za lango kuu zijifute zenyewe baada ya muda mfupi, na asiweze kuzifungua mtu mmoja peke yake. Zikifunguliwa, mwakilishi wa wapangaji awepo. Kamera zielekee lango na maegesho, zisielekee milango ya watu, na sauti izimwe. Yote haya yaandikwe kwenye mkataba wa upangaji, kwa sababu wewe kesho unaweza kuondoka na ikaja mikono mingine.

Tuambie mfumo mnaoufikiria unahifadhi kumbukumbu ndani ya jengo au kwenye seva (kompyuta za mbali) za mtengenezaji. Nikishajua hilo nitaweka hapa masharti ninayowaandikia wateja wangu, uyapeleke kwa mwenye jengo kabla hajalipa.