Maswali na Majibu: Kumshauri Mgonjwa Kuhusu Figo

Mgonjwa wangu wa kisukari haumwi popote na anakojoa vizuri. Nimshawishije kupima figo?

Mweleze kwamba figo hazilalamiki mapema: mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kuchuja damu bila kuhisi lolote, na mkojo mwingi si ushahidi kwamba takataka zinatoka. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe angalau mara moja kwa mwaka, kreatinini (takataka ambayo figo hupaswa kuitoa) katika damu na albumini (protini ya damu) katika mkojo, vyote viwili, kwa kuwa mara nyingi albumini huanza kuvuja kabla kreatinini haijapanda. Usimtangazie ugonjwa sugu kwa majibu ya siku moja, kwani huthibitishwa kasoro ikidumu miezi 3 au zaidi.

Kila nikiuliza, "Unatumia dawa gani?", hunijibu, "Hizo mlizonipa." Baadaye nagundua mengine.

Hakudanganyi, umemuuliza kihospitali, naye amekujibu kihospitali. Muulize mgongo ukimuuma humeza nini, na dukani hununua nini bila cheti. Hapo ndipo diklofenaki na ibuprofeni hujitokeza, dawa za maumivu ambazo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na ambazo zikichanganywa na losartan au enalapril (dawa za shinikizo la damu) pamoja na dawa ya kukojosha, hasa mgonjwa anapoharisha au kutapika, zinaweza kuziangusha figo kwa siku chache. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Mitishamba iulizie bila kukunja uso, kwa sababu aliyekaripiwa leo hatakuletea chupa kesho. (Wa pwani waulize pia juisi ya birimbi: kachumbari haina neno, lakini juisi nzito ina asidi ya oksaliki ya kutosha kudhuru figo.)

Je, nimhimize kila mgonjwa anywe maji mengi?

Hapana. Aliyevimba miguu au anayesafishwa damu hupangiwa kiasi chake.

Nimkataze ndizi na maji ya madafu?

Subiri kipimo cha potasiamu katika damu, madini yaliyo mengi katika ndizi, madafu na viazi. Ikiwa imepanda, mpunguzie, na viazi vichemshwe katika maji mengi yanayomwagwa. Ikiwa ya kawaida, kumnyima ndizi ni kumwonea bure. Chumvi ndiyo ya kuanza nayo, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate na dagaa wa chumvi. Ongea na anayepika nyumbani, ambaye mara nyingi siye aliyeketi mbele yako.