Kabla Hujaniuliza Bei, Nitajie Mnazi

Barua za safari hii, zote za kuuliza intaneti ya vijijini, zimetoka zaidi ng'ambo ya Likoni na kule juu ya Mazeras. Maswali nimeyafupisha, majibu sikuyapunguza makali.

Fundi, waifai ya kijiji kizima ni shilingi ngapi? (Samburu, Kwale)

Seremala gani hutaja bei ya mlango kabla hajapima fremu? Kijiji chenu ni nyumba 30 au 300, zimebanana au kila mji uko kwenye shamba lake? Mahali pa karibu penye intaneti ya kununua ni wapi, na ni kilomita ngapi? Baina yako na hapo kumesimama nini? Stima ipo? Swali hili hunifikia kila wiki, na kila wiki mwulizaji amenitajia aina ya ruta (kisanduku cha kugawa waifai) aliyoiona mtandaoni, hajanitajia mnazi hata mmoja uliosimama njiani.

Kisha kuna swali ambalo mimi ndiye humwuliza mwulizaji: nani atalipa mwezi wa 13? Mfadhili hulipa mwaka mmoja, hukata utepe, hupiga picha na watoto, akaenda zake. Niliwahi kuifungia shule moja, siitaji, vifaa vizuri kuliko vilivyo nyumbani kwangu. Nilirudi mwaka wa pili nikakuta ruta imewekwa juu ya faili za ofisi zisipeperushwe na upepo. Haikuwa imeharibika. Bili ndiyo iliyokosa mwenyewe.

Nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa. Mbona sisi Kinango bado tunapanda vichuguu kutafuta mtandao?

Meli hufunga gati Kilindini kila siku, na bado kuna nyumba Kinango zinalala bila mchele. Waya ni hivyo hivyo. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Mlangoni hatuna njaa.

Kazi iko njiani. Kipande cha kwanza ni kutoka pwani hadi makao makuu ya kaunti, na hicho Serikali ilikitandikia nyaya za faiba za taifa, mradi uitwao NOFBI. Kipande cha pili ni kutoka hapo hadi kwako, na hicho ndicho yatima. Kampuni hupiga hesabu ya wateja kwa kila kilomita, ikiona mbuzi ni wengi kuliko simu inageuza gari. Ndiyo sababu sheria iliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambao wenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Mfuko ulianza na minara ya sauti na intaneti ya shule za sekondari. Hukuniuliza maoni yangu, lakini utayapata: ningepewa mimi ufunguo wa mfuko huo, ningelipia kile kipande cha pili tu, faiba au redio ya kurusha kutoka mji wa kaunti hadi kila wadi, kisha ningewaachia wanakijiji wenyewe kugawana kutoka hapo. Kaunti zote pamoja zina wadi 1,450, kwa hiyo kazi ina mwisho. Badala yake tunaahidiwa vituo 25,000 vya waifai ya bure, na sijasikia mwanasiasa akitaja nani atabadilisha betri.

Na msiandike kwenye mkataba wowote kwamba mtandao "haukatiki". Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa kwa siku kadhaa. Shule yenye akili huweka masomo yake kwenye kompyuta iliyo pale pale shuleni, ili siku ya namna hiyo darasa liendelee.

Tulifunga redio mbili za kurushiana intaneti, za gigahetsi 5, kilomita 10 baina yake. Miaka miwili zilikwenda vizuri, sasa mvua ikinyesha intaneti inakufa. Redio zimechoka? (Rabai)

Redio ni nzima. Mti ndio umekua.

Siku mliyofunga, fundi alichungulia, akauona mlingoti wa pili juu ya vilele vya miembe, akasema "naona, tosha". Haitoshi. Mawimbi hayasafiri kama uzi uliovutwa. Yana umbo la mtumbwi, nyembamba kwenye ncha zote mbili, pana katikati. Kwa masafa yenu na umbali wenu, pale katikati panatakiwa kama mita 7 za hewa tupu, kuanzia mstari wa jicho kwenda chini na kando. Mwembe ukiingiza tawi humo, kiangazi mtavumilia, maana majani makavu huibia kidogo tu. Masika majani yanalowa, na majani yaliyolowa hunywa mawimbi. Mvua yenyewe kwa gigahetsi 5 haina neno, hata ikiwa ya kumwagika. Watu huilaumu kwa sababu ndiyo wanayoiona.

Basi chukueni darubini, mpande, mkague njia nzima, hasa kilomita ya nne hadi ya sita. Nafuu ni kuongeza urefu wa mlingoti kuliko kukata mti. Nanyi watu wa Rabai sina haja ya kuwafundisha kwamba shamba linaweza kuwa la huyu na mnazi uliomo ukawa wa yule. Nimeona mradi ukifika kwa chifu kwa sababu ya minazi miwili. Fundi alilipa mwenye shamba, akasahau mwenye minazi.

Na kwa kuwa mmeandika kwamba mlingoti wenu hupandwa na mkwezi wa nazi "kwa kuwa amezoea": acheni. Mkwezi anaujua mnazi, ambao una mikato ya kukanyagia na haupigi shoti. Mnunulieni mkanda wa usalama, na asipande wakati wingu limeiva.

Nasikia Google wana baluni zinazorusha intaneti. Zitafika Lunga Lunga lini?

Hazitafika. Zilianza kazi Kenya Julai 2020 upande wa bara, na kampuni ikazifunga mwanzoni mwa 2021.

Kilima kirefu kwetu kina msitu wa kaya, na wazee wamekataa tusimamishe mlingoti. Tuwashawishi vipi? (Kaloleni)

Msiwashawishi. Wamewaokoa.

Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, sehemu 10, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na sheria ya nchi inailinda. Mkichimba shimo la zege mle, mtakayemjibu si mzee peke yake. Tena hata kwa ufundi mmechagua vibaya. Mnataka kusimamisha mlingoti katikati ya miti mirefu kuliko yote wilayani, kisha mniandikie mwakani kwamba mvua inakata mtandao?

Tafuteni hatua mbili badala ya moja. Tangi la maji, paa la shule ya ghorofa au mlingoti kwenye boma la mtu aliyekubali kwa maandishi hutosha kuwa kituo cha kati. Kila kituo cha kati ni kifaa kimoja zaidi cha kuharibika, ni kweli, lakini kituo kilicho uani kwa mtu kina mlinzi. Na safari nyingine nendeni kwa wazee kabla ya saruji kununuliwa. Kuwapelekea habari baada ya shimo kuchimbwa, kisha kujaza kwenye fomu ya mfadhili kwamba "jamii imeshirikishwa", ni uongo wenye muhuri.

Starlink si imemaliza maneno? (wasomaji wanne, siku moja)

Kwa zahanati moja au shule moja iliyo mbali na kila kitu, nunueni. Intaneti hii ya setilaiti imefika Kenya tangu Julai 2023, na setilaiti zake ziko kama kilomita 550 juu, si 35,786 kama zile za zamani ambazo ukisema "hujambo" mwenzako anajibu ukiwa umeshaanza sentensi nyingine.

Kwa kijiji kizima, polepole. Kifurushi cha nyumbani hakiwaruhusu kuuzia majirani. Nafasi angani nayo hujaa kama matatu. Mwishoni mwa 2024 walisimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi kwa sababu hiyo. Sahani moja ya Starlink ikilisha nyumba 80 jioni, zote zikitazama video, mtarudi kwangu kulalamika kwamba ruta ni mbovu. Na bili ya mwezi wa 13, sahani hailipi.

Tukigawana intaneti sisi kwa sisi na kuchangishana, tunahitaji leseni?

Ndiyo. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni ya mitandao ya jamii, ya eneo lisilozidi kaunti ndogo moja, na ada yake imewekwa chini makusudi. Lazima muwe kikundi kilichosajiliwa. Atakayekwambia "kijijini hakuna anayekagua" mwombe akuandikie hivyo na kutia sahihi.

Mionzi ya antena yaweza kuua kuku? Wangu watano wamekufa. (Likoni)

La. Mwite daktari wa mifugo kabla hajafa wa sita.

Sisi wavuvi wa Wasini tunatumia paneli na betri ya gari. Redio wati 8, ruta wati 10. Kila saa tisa usiku mtandao unazima, ndipo tunapotaka kuangalia upepo.

Nimefurahi. Huyu ametaja wati.

Vifaa vyenu ni wati 18, mara saa 24, yaani wati-saa 432 kwa siku. Usiku peke yake ni 216. Betri ya gari iliyo nzima ingevuka. Yenu haivuki kwa sababu imeshachoka. Betri ya gari imeundwa kutoa kishindo kimoja cha kuwasha injini kisha ijazwe mara moja, na kuinyonya polepole usiku kucha huiua kwa miezi michache. Nunueni betri mbili za sola, volti 12, ampea-saa 100 kila moja. Hizo ni wati-saa 2,400, na kwa betri za madini ya risasi mtumie nusu tu, yaani 1,200. Hapo mnapata karibu siku tatu hata mawingu ya masika yakikaa. Paneli nayo iongezwe, maana betri kubwa juu ya paneli ndogo ni mtungi chini ya bomba linalodondosha.

Kuhusu chumvi: bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, viungo vya waya vifungwe tepu ya mpira, na kila mwezi vifaa vifutwe kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Shaba ikianza kuwa kijani, badilisheni, msikwangue. Sanduku la betri lifungwe kufuli, na ufunguo ashike mtu anayelala kisiwani, si katibu wenu anayeishi Ukunda.