Maswali ya Wasomaji: Darubini moja, wanafunzi 140

SWALI: Ninafundisha fizikia katika shule ya kata mkoani Singida. Tumepewa darubini yenye lenzi ya milimita 70, lakini wanafunzi ni 140 na wengi, hasa wasichana, hutembea mbali. Hawawezi kubaki hadi usiku. Nifanyeje wote wafaidike?
Mwalimu, Singida

JIBU: Mwalimu, usiku uache kwanza. Somo la anga la saa mbili usiku huwafaa wanaokaa jirani na shule tu. Anza na jua, na darubini ibaki sandukuni.

Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kifunike kwa karatasi nene yenye tundu la milimita 5, kisha kiegemeze nje kwenye matofali. Upepo ukikitikisa, picha hucheza. Elekeza mwanga upitie mlangoni hadi kwenye karatasi nyeupe iliyo mita 10 kutoka kiooni. Madirisha yazibwe kwa mablanketi. Picha ikififia, ongeza giza. Usipanue tundu, kingo zitavurugika. Mtu yeyote asichungulie kioo kinachorudisha jua.

Litatokea duara la sentimita 9 hivi, na hilo ndilo jua. Watakaobisha kwamba ni umbo la tundu, watobolee tundu la pembetatu: karatasi ikiwa sentimita 10 kutoka kiooni wataona pembetatu, ikirudi mita 10 wataona duara. Hapo ndipo somo linapoingia.

Sasa wapime. Kipenyo cha duara, ukiondoa upana wa tundu, kigawanywe kwa umbali kutoka kiooni, kisha wazidishe kwa kilomita milioni 150. Jibu hukaribia milioni 1.4, kipenyo halisi cha jua. Anayepata jibu la ajabu mara nyingi kachanganya sentimita na mita. Kioo hichohicho kitunze: Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa kwa sehemu mchana hapa Tanzania, na darasa zima litaliona ukutani kwa pamoja.

Darubini itumie kwa mwezi wa mchana. Tazama kalenda ya Kiislamu: kati ya tarehe 6 na 9, saa kumi jioni mwezi huwa juu upande wa mashariki, na mashimo yake huonekana vizuri. Simika darubini kwenye kivuli upande wa mashariki wa jengo, jua lisiweze kuingia kwenye lenzi hata mtoto akiisukuma. Funga lenzi ya jicho, yaani ile ndogo ya kuchungulia, ya milimita 25, si ile ya 4 inayokuza sana. Hiyo hutia ukungu na mwezi hutoroka upesi. Hata kwa ya 25, dunia inazunguka, kwa hiyo mwanafunzi mmoja airekebishe kila baada ya wenzake watatu. Kwa sekunde 30 kila mmoja, 140 ni dakika 70. Wagawe kwa siku tatu.

Ukikuta kichujio cheusi cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kivunje ukitupe. Joto hukipasua ghafla, na jicho lililopo hapo huungua.