Kabla Hujabandua TAN Mgongoni

Kitambaa cha mgongoni kwenye judogi, vazi la judo, hushonwa kwa uzi mgumu pande zote nne, mpinzani asipate pa kupenyeza vidole. Changu nilikifumua kwa wembe, usiku, nimekaa kitandani kwenye bweni la klabu moja huko Ulaya. Juu jina langu, chini herufi tatu za Tanzania: TAN. Kilipotoka, vitundu vya sindano vilibaki vimechora mraba mtupu mgongoni.

Nimekumbuka haya kwa sababu kijana ninayemfundisha hapa Dodoma, wa kilo 66, ameandikiwa na klabu ya nje: njoo ufanye mazoezi kwetu, tutakutafutia uraia, upiganie bendera yetu. Alinionesha kwenye simu tukikusanya mikeka. "Kocha, si ndiyo kama ya Mollaei?"

Hapana, mdogo wangu. Saeid Mollaei alikuwa bingwa wa dunia wa 2018, kilo 81. Agosti 2019 mjini Tokyo, wakuu wa nchi yake, Iran, walimshinikiza asije akakutana na Sagi Muki wa Israel. Akaogopa kurudi kwao, akakimbilia Ujerumani. Desemba hiyohiyo tayari ni raia wa Mongolia, nchi ambayo rais wake wa wakati huo, Khaltmaagiin Battulga, ndiye pia aliyekuwa mkuu wa chama cha judo. Julai 2021 akatwaa medali ya fedha ya Olimpiki, MGL ya Mongolia mgongoni, akifungwa fainali na Takanori Nagase. Baadaye akahamia Azerbaijan. Yeye alifunguliwa na mwenye funguo. Sisi tunapanga foleni.

Na foleni zenyewe ni mbili. Kuna ya uraia, inayokwenda kwa sheria za nchi unayoiendea. Kisha kuna ya michezo: Kanuni ya 41 ya Mkataba wa Olimpiki inataka aliyekwisha kuiwakilisha nchi moja, akibadili uraia, asubiri angalau miaka 3 tangu alipoiwakilisha kwa mara ya mwisho. Muda huo unaweza kupunguzwa, ila kamati za Olimpiki za nchi zote mbili, shirikisho la kimataifa la mchezo na IOC, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, wakubaliane. Mimi niliambiwa "mwaka mmoja tu." Kwa mdomo. Nikaamini.

Mwezi wa kumi na nne wa kusubiri, goti la kulia likalia kama bua la mtama linapovunjwa. Nikiwa bado na bandeji, posho ikakatwa. Mkataba ulisema analipwa aliye tayari kushindana, na kifungu hicho kilikuwa katika lugha nisiyoijua, nami nilikuwa nimeweka sahihi kila ukurasa.

Mama akapiga simu kutoka Nzuguni. "Baba, rudi. Kiwanja chako bado nakilimia karanga."

Kiwanja kile alinigawia marehemu mzee. Laiti pasipoti ya kule ingewahi kutoka, ningekuwa nimepoteza Utanzania, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyokuwa wakati ule, haikumpa asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Nilivyokuwa nikifumua ule uzi, sikuwa nimewaza ardhi hata kidogo. Ukipata barua kama hii, nenda Uhamiaji, nenda kwa wakili, uliza sheria ikoje leo.

Hesabu pia wapinzani. Olimpiki, kila nchi hupeleka mtu mmoja tu kwa kila uzito. Ukihamia nchi yenye judo kubwa, utaanza kwa kuwapiga wenyeji wote wa kilo zako, na wao hawasubiri karatasi. Mwanajudo wetu Andrew Thomas Mlugu alifika Olimpiki za Rio 2016 na Paris 2024 akiwa na TAN.

Simkatazi kijana wangu. Shida za kufanya judo hapa nazijua, na kama ningekuwa na umri wake leo, ningeisoma barua hiyo mara kumi. Tumeketi naye tukaandika maswali matatu: nani atalipa matibabu akiumia, ataishi kwa nini muda wote wa kusubiri, na mkataba kwa Kiswahili utakuja lini. Tumewatumia juzi. Jibu halijaja, na leo saa kumi na moja jioni anakuja mazoezini kama kawaida.