Kisu cha faiba London: usikiagize

Ndugu, umeuliza kama huko London unaweza kubeba kisu cha faiba kisichokunjwa, cha kuvulia samaki, kwa vile hakishiki kutu. Usikiagize kabisa. England na Wales, kisu kisichonaswa na mashine ya kukagua chuma, na ambacho si cha jikoni, ni marufuku. Tangu 2021 hata kukiweka kabatini nyumbani ni kosa. Kile cha kauri cha kukatia nyanya kimesamehewa, ila ukitoka nacho barabarani bila sababu ya msingi unaweza kufungwa hadi miaka 4. Kusema "najilinda" hakukuokoi. Nunua cha chuma kisichoshika kutu, kifungie ndani ya boksi la ndoano, ukibebe siku ya kuvua tu.