Mwanangu, redio usiizime

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama yako, naye akacheka. Unauliza kama ni kweli asemavyo mama mkwe wako, kwamba mjamzito akishinda na taarab sikioni mishipa ya fahamu hulegea, na mtoto huzaliwa mwoga. Kwanza, usimbishie. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Waliyasema madaktari wa Ulaya zamani, tena kwa kujiamini. (Kama nia yake ni upande wa dini, hilo waulizwe masheikh. Mimi nilifundisha fizikia.)

Unakumbuka mlivyokuwa mkilowesha kidole na kukizungusha kwenye ukingo wa glasi mpaka inalia, mama yenu anafoka kuwa mtazivunja? Mwaka 1761 Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa umeme wa radi, alikuwa Uingereza akaona glasi zenye maji zikipigwa hivyohivyo. Akaona kuipimia kila glasi maji ili itoe sauti yake ni kazi bure. Akatengenezesha mabakuli 37 ya kioo, makubwa kwa madogo, yametobolewa katikati na kutungwa kwenye chuma kimoja kilicholala, bakuli ndani ya bakuli bila kugusana. Mpigaji anakanyaga chini kama fundi cherehani, mabakuli yanazunguka, yeye anayagusa kingo kwa vidole vyenye maji. Akaiita armonika. Mozart aliitungia muziki mwaka 1791, kwa ajili ya Marianne Kirchgessner, mpigaji asiyeona.

Basi maneno yakaanza. Mara inatia huzuni, mara inachosha mishipa, mara inaleta wazimu. Mwaka 1798 Rochlitz, mhariri wa gazeti la muziki huko Ujerumani, aliandika kwamba mwenye maradhi ya mishipa asiipige, asiyeumwa asizidishe, na mwenye majonzi aiache kabisa. Kirchgessner alipofariki mwaka 1808, wapo waliosema ala ndiyo iliyomuua, ingawa ugonjwa unaotajwa ni wa mapafu. Na Franklin mwenyewe? Alifika miaka 84.

Kwa nini waliamini? Madaktari wa wakati ule waliichukulia mishipa ya fahamu kama nyuzi za udi: ukiigusa sana inalegea au inakatika. Na sauti ya kioo kweli ina ugeni wake. Inaelea chumbani, sikio linashindwa kujua inatoka upande gani. Jaribu usiku kimya ukiwa peke yako, utasisimka mwili. Tena Mesmer, tabibu aliyedai kuponya watu kwa nguvu isiyoonekana, alikuwa akiitumia armonika mbele ya wagonjwa wake kule Paris, nao walilia na kuanguka. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya kumchunguza, na mmoja wa wajumbe alikuwa Franklin huyohuyo! Wakakuta nguvu hiyo haipo. Wagonjwa walianguka kwa sababu waliamini wataanguka.

Siku hizi wapo wanaosema ni madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya kioo ndiyo yaliyowadhuru. Sioni ushahidi. Zama zile madini hayo yalikuwa kwenye mabomba, kwenye vyombo, hata kwenye mvinyo. Kwa nini waugue wapiga armonika peke yao?

Linalonikera ni kwamba waliotajwa kuwa hatarini zaidi walikuwa wanawake, kwamba mishipa yao ni dhaifu. Hapo ndipo ninapoisikia sauti ya mama mkwe wako.

Muziki unadhuru, ndiyo, lakini kwa ukubwa wa sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa zinavyopungua. Ile harusi ya binamu yako niliyokaa ubavuni mwa spika, sikio la kushoto lilipiga filimbi hadi kesho yake mchana. Vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena.

Mtoto tumboni huanza kuitikia sauti kwenye miezi sita hivi, nazo humfikia zikiwa zimefifia. Usibandike spika tumboni, usikae karibu na mziki wa mnanda. Taarab yako ya jikoni, kwa sauti ambayo bado unamsikia mtu akibisha hodi, endelea nayo.

Mama yako anauliza kama zile embe zilifika salama. Msalimie sana mama mkwe.

Baba yako