Gari la king'ora limemtisha mwanangu

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu ana miaka 4, ana usonji, hasemi bado. Hutafuna kola ya shati mpaka ilowe, na boda boda ikipita huziba masikio. Nilimnunulia gari la taa na king'ora kwa shilingi 85,000. Alilia hadi akatapika. Nimpe nini?
Mama wa Bugembe, Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu, pole sana. Litoe betri hilo gari, huenda magurudumu yake pekee yakampendeza. Mtoto ameshakuonyesha njia: masikio yanakimbia kelele, mdomo unatafuta kazi. Mtafutie kidude cha kutafuna cha silikoni, cha kuvaa shingoni, chenye kifungo kinachoachia kikivutwa. Kikague kila asubuhi, kikichanika, tupa.

Wangu, ambaye sasa ana miaka 11, tulianza na beseni la maji uani na vikombe viwili vya plastiki. Alimimina, akamimina tena, mabega yakashuka, na siku moja akanishika mkono niongeze maji. Nililia. Kaa naye hapo hapo, usimwache na maji hata dakika moja.

Watu watakushauri beseni la maharagwe ya kuchezea. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, hapana! Chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Mpe donge la unga wa ngano lisilo na chumvi nyingi, au mpira wa nyuzi za migomba uliofungwa barabara, ukimtazama asizing'oe. Na ukipata nauli, wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku, wapo hospitali ya Mulago, Kampala. Nenda na hiyo kola iliyotafunwa, waione.